Mmoja Akasema
Boksi lake lilifika Jumatatu, limefungwa kwa mkanda wa nailoni, jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Nililisoma jina mara tatu kabla ya kuukata ule mkanda.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sijapata kazi, na ninajitolea katika chumba ambamo chuo chetu hapa Kismayo kinahifadhi karatasi za watu wake: barua za walimu, picha za mahafali, mafaili ya vyama vya wanafunzi. Mwenye boksi ni shoga yangu wa kisiwa cha Chovai, tuliyekaa dawati moja miaka minne. Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa visiwani, mimi katibu. Sasa yuko Mombasa, ana kazi, na ana boksi. Mimi sina hata bahasha.

Msimamizi wa chumba, mzee ninayemwita Maalim, alinipa kazi ya kuorodhesha vilivyomo na kuandika maelezo mafupi ya kubandika juu.

Nilijitafuta mwenyewe kwanza. Katika kila picha yeye yuko katikati. Mimi niko pembeni, mara nusu ya buibui, mara kiwiko. Barua nilizoziandika mimi zina saini yake. Hata ile ya Idi. Wanafunzi wa Chula na Kudha walikuwa wakienda kwao kwa sikukuu, na wasipopata mashua ya kurudi wanakosa mtihani. Chama kikawaombea siku mbili za kuchelewa, chuo kikakubali, na hadi leo ndiyo kanuni. Kila mtu humsifu mwenyekiti. Mimi nilijua ni wazo langu. Nilikuwa nimeshawaambia hivyo watu wote wa nyumbani.

Ushahidi ulikuwa katika daftari langu la mikutano, nalo halikuwamo ndani ya boksi. Nikaanza kuwaza. Amelitupa. Hapana, amelificha. Hapana, hakulikumbuka kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaandika maelezo: "Karatasi za mmojawapo wa wanachama." Neno mwenyekiti nikaliacha.

Maalim akasoma, akavua miwani.

"Mwanachama tu? Adeer, si huyu aliyekuwa akinisumbua kwa barua kila wiki?" Adeer ndivyo wazee wa mjini wanavyowaita vijana.

"Barua nilikuwa naandika mimi."

"Na lile la Idi?"

"Langu pia. Limo katika daftari, lakini daftari limepotea. La kijani. Nililiandika Kibajuni kwa herufi za Kiarabu, kama nyanya alivyonifundisha."

Akacheka mpaka akakohoa. Akapanda kigoda, akashusha kutoka juu ya kabati furushi la kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na misahafu iliyochakaa na, katikati yake, daftari langu.

"Ofisi za vyama zilipohamishwa, mama anayefagia alilikuta sakafuni. Akaona herufi, akasema haifai likae chini. Nami nikalifungua. Herufi nazijua zote, adeer, lakini sikuambulia hata mstari. Nikadhani ni dua za huko visiwani kwenu."

Akaketi, akashika kalamu. "Haya, nisomee. Tuandike nani alisema nini."

Ukurasa niliupata upesi. "Mmoja akasema wenzetu waombewe siku mbili baada ya Idi."

"Mmoja nani?"

Nikamwomba dakika moja. Nikatoka barazani nikamtumia shoga yangu ujumbe wa sauti: lile wazo la Idi lilikuwa la nani? Akajibu papo hapo, nyuma yake watu wanacheka.

"Wee shoga, mimi nitakumbuka wapi? Mchu na kazi zake! Liandike lako, sina neno." Mchu, kwetu, ni mtu.

Nilitaka abishe. Nilijiandaa kwa ugomvi mzima, na yeye akaniachia kama mtu anayegawa wali uliobaki chunguni. Nilimwonea wivu hata kwa kusahau kwake. Mimi nakumbuka mpaka nani alikalia kiti gani.

Nikarudi ndani, nikafunua kurasa ili nipate nguvu ya kusema langu. "Katibu akasema viti viongezwe." "Katibu akasema wageni waandikwe." Katibu, katibu, kila ukurasa. Mwenyekiti alifungua mkutano na kufunga mkutano, basi. Katikati, kila kauli iliyotufikisha mahali ilikuwa na "mmoja akasema". Nilizipitia zote, nikiomba niione hata mara moja niliposema jambo nikasahau kujitaja. Sikuona. Kwa miaka miwili sikuwahi kujisahau. Wanachama wengine niliwaandika kwa majina yao; mmoja alikuwa yeye tu, ambaye kalamu yangu haikutaka kumtaja.

Ndani ya chumba kile hakuna aliyeweza kuusoma mwandiko ule ila mimi. Maalim alikuwa anangoja, kalamu mkononi, tayari kuamini chochote.

"Mwenyekiti," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo.

"Lake?"

"Lake. Na mengine yote yenye mmoja."

Akavuta ile karatasi ya maelezo, akaisukuma mbele yangu. Nikakata niliyoandika, nikaandika upya, na cheo chake nikakiandika kirefu, bila kukifupisha.

"Na wewe," Maalim akauliza, "siku hiyo ya Idi ulisema nini?"

Nikatazama chini ya ukurasa. "Katibu akasema chai ya mkutano ujao iwe na maziwa."

Hakucheka. Akalowesha ncha ya kidole kwa ulimi, akafunua karatasi mpya.

"Nayo tuiandike," akasema.