Barafu ya Uporoto

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu watu wakivuka barafu ya Ncha ya Kusini, nikasikia tena harufu ya pareto. Zamani mwalimu wetu alitusimulia safari ya Waingereza huko, akasema Mwafrika hajawahi kukanyaga barafu. Mimi niliikanyaga pekupeku kila kipupwe, ilipoganda kwenye nyasi za shamba letu la pareto, milimani Uporoto. Kesho yake baada ya somo hilo, alfajiri, niliikwangua, nikaijaza kibuyuni, nikakifunga kwa blanketi la mama ili isisikie baridi. Mchana nilipokifungua darasani, yalikuwa maji.

"Haya, iko wapi barafu yako?" mwalimu aliuliza, wenzangu wakacheka.

"Onja, mwalimu."

Alikataa. Nikayanywa yote mwenyewe. Meno yaliniuma kwa baridi, nami nikaendelea kumtazama.