Miguu Isiyosikia

Mke wangu ndiye aliyeanza kusikia harufu. Nilikuwa nimesimama peku jikoni, nyumbani kwetu Temeke, nikimsimulia habari za wagonjwa wa siku ile, naye anaepua chungu cha kunde. Ghafla akanyamaza, akainua pua.

“Kuna kitu kinaungua,” akasema.

Akatazama mekoni, akakagua pindo la kanga yake, kisha akatazama chini na kupiga yowe. Kaa la moto lilikuwa limedondoka, nami nilikuwa nimelikanyaga. Nimelikanyaga tangu lini, sijui. Nilipoinua mguu lilikuwa limegandia unyayoni, na ngozi imejikunja pembeni yake.

“Baba watoto, husikii?”

“Nasikia,” nikamjibu. “Mie nimezoea tu.”

Hakuna mtu anayezoea moto, na yeye alilijua hilo. Alinimwagia maji mguuni hadi kaa likabanduka.

Siku hizo, miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nilikuwa dresa katika zahanati ndogo. Kazi ya dresa ilikuwa kusafisha vidonda na kuvifunga, kugawa dawa za homa na za upele, na kumpeleka hospitali kuu mgonjwa aliyetushinda. Nilifundishwa kazi hiyo nikiwa kijana, na tangu hapo sikuwahi kukaa tena mbele ya mwalimu. Ndipo serikali ikatuita, sisi madresa wa zahanati za pembezoni, twende mjini kusomeshwa upya magonjwa ya ngozi, ya damu na ya moyo. Nilikuwa nimeifurahia safari hiyo. Kaptula yangu ya kazi ilikuwa imeshapigwa pasi. Kaa lile likaniondolea furaha yote.

Asubuhi ya kwenda, nilijifungia chumbani na unyoya wa kuku. Nikafumba macho, nikaupitisha unyoya kuanzia gotini kushuka chini. Kwenye muundi niliusikia. Nilipokaribia kifundo ukafifia, na kwenye wayo ilikuwa kama nimeutupa. Mguu wa pili vilevile. Nikakumbuka na baka jeupe nililokuwa nalo begani kwa miezi, ambalo sikuwa nimelijali. Baka jeupe na ganzi. Kila dresa alijua vitu hivyo viwili vikikutana vinaitwaje.

Watu wa kwetu hawakupenda kuutaja ukoma kwa jina lake. Walisema “ugonjwa mkubwa,” wakapunguza sauti. Mie mwenyewe nilikuwepo lori la serikali lilipokuja kumchukua mama mmoja wa mtaani kwetu kumpeleka kambi ya wakoma. Alipanda na kifurushi kimoja. Lori halijafika mbali, majirani walishatoa kitanda chake nje na kukitia moto, na mumewe amesimama pale anatazama.

Tangu asubuhi ile nikaacha kumbeba binti yangu wa mwisho. Alikuwa bado anatambaa. Alikuwa akinijia mbio kwa magoti nikirudi, naye alipokaribia nilimpisha, nikajifanya nina haraka. Alikaa chini akanitazama, akalia. Mke wangu akauliza, “Mtoto amekukosea nini?” Nikatoka nje kuifuta baiskeli.

Mjini tulifundishwa na daktari wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Dar es Salaam, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kabisa. Hakuwa mkali, lakini alikuwa na macho yasiyokosa kitu. Alituletea wagonjwa mmoja mmoja, akatuonyesha ngozi zao. Hapa upele wa kawaida, hapa choa, hapa majipu yanayorudi kila mara yakipona. Siku ya ukoma alitufundisha kumgusa mgonjwa kwa pamba akiwa amefumba macho, na kupapasa mishipa ya fahamu nyuma ya kiwiko na shingoni kuona kama imevimba. Niliandika kila neno, miguu nimeirudisha chini ya kiti.

Kisha akafunga mlango.

“Mmeshaona kwa wagonjwa. Sasa vueni mashati na viatu. Kila mmoja ampime mwenzake, toka kichwani hadi kwenye vidole vya miguu.”

Wenzangu wakacheka, wakaanza kufungua vifungo. Mie nilibaki nimeshika kamba ya kiatu. Nikafikiri kusema naumwa tumbo. Nikautazama mlango, nikaiona njia yote ya kurudi Temeke, na lori limesimama mbele ya nyumba yangu.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Bara, mpole, mwenye lafudhi nzito ya kwao. Alianza kwenye mikono, akashuka.

“Fumba macho, kaka. Nikikugusa, sema.”

Nikafumba. Nikangoja.

“Kaka, mbona husemi?”

“Hujanigusa bado.”

Nilipofumbua macho, niliona ameshaweka pamba kando. Ameshika pini, na juu ya kidole changu cha mguu kuna tone la damu.

“Nimwite daktari?” akanong’ona.

Nikamkamata mkono. “Ngoja kwanza, ndugu yangu. Nina watoto.”

Akaiweka pini mezani. “Mie pia ninao,” akasema. “Ningekuwa wewe, ningetaka niitiwe daktari.”

Akanyoosha mkono juu.

Daktari alikuja akachuchumaa mbele yangu. Akanipapasa shingo na viwiko. Akaligusa baka la begani kwa pamba, nikasema, “Hapo.” Akaligusa tena, nikasema tena, “Hapo.” Akalikwangua kwa kipande cha kioo, likatoa unga mweupe. Kisha akanipima miguu yote miwili, akalitazama jeraha la kaa unyayoni, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

“Unakunywa maji mengi?”

“Mengi, Bwana Daktari. Natoka mbali kwa baiskeli, na jua ni kali.”

“Na haja ndogo? Inakuamsha usiku?”

“Inaniamsha.”

Akanipa chupa, akanituma nje. Niliporudi alimimina matone ya mkojo wangu kwenye dawa ya rangi ya buluu, akaishika juu ya moto wa spiriti mbele ya darasa zima. Dawa ikageuka kijani, ikawa manjano, kisha ikatulia katika rangi ya tofali.

“Huyu hana ukoma,” akasema. “Begani ni choa tu, atapaka dawa. Miguu yake imeliwa na sukari.”

Nyuma yangu mmoja akacheka. “Dresa ana ugonjwa wa matajiri!” Ndivyo tulivyoamini sote wakati huo, kwamba kisukari ni cha wenye maduka na wanene. Mie nilikuwa mwembamba kama ufito.

Daktari hakucheka. Mie nilikuwa nalia. Nilikuwa nimejishika magoti, machozi yanashuka, nikisema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, na huku nikimwona binti yangu anakuja mbio kwa magoti. Akaniacha nilie. Nilipotulia, akaendelea na somo, nalo lilikuwa linanihusu mie. Sukari ikizidi katika damu huua fahamu za miguu, alisema. Mtu hukanyaga msumari asijue, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Huharibu macho na figo. Mwisho huufikia moyo. Nilimsikiliza, na woga ulioondoka ukarudi kukaa palepale, umebadili jina tu.

Nilipofika nyumbani nilimbeba mtoto kabla sijaweka baiskeli. Mke wangu alisimama mlangoni.

“Umekutwa na nini?” akauliza.

“Sukari.”

“Inaua?”

“Inaua, lakini si leo. Na haiambukizi.”

Akakaa kizingitini, akafunika uso kwa kanga. Baadaye akainuka, akachukua kopo la sukari, akalipeleka kwa jirani.

Mwanzo nilijaribu kwa chakula peke yake. Haikutosha, nikaanza sindano za insulini. Nilimchoma kila aliyekuja zahanati kupigwa sindano bila mkono kusita, lakini kujichoma mwenyewe paja kulinitoa jasho. Chupa ya dawa tuliiweka kwenye kopo ndani ya mtungi wa maji, kwa ajili ya ubaridi. Ilipochelewa kufika hospitali kuu, sikulala. Kidole kimoja cha mguu nilikipoteza kwa sababu ya kijiwe kilichoingia kiatuni, kiasi cha punje ya mtama. Wengine niliowajua walikufa kwa vidonda vidogo kuliko changu.

Mwaka uliofuata daktari aliniita tena. Safari hii hakutaka niketi na wanafunzi, alitaka wanafunzi wanipime. Walikuwa madresa wapya, vijana wa watu, kaptula zao zimenyooka.

“Sikulazimishi,” aliniambia pembeni. “Ukikataa, nitawaeleza kwa maneno.”

Niliogopa macho yao kuliko pini. Nikamwomba maji, nikanywa, kisha nikaingia, nikakaa juu ya meza na kuwaambia wasogee karibu.