Panya wa Somo la Sayansi

Shule yetu ya Mbinga ilijengwa na wazazi kwa fedha za kahawa, na ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa sayansi, kijana aliyetoka Moshi. Fizikia, kemia na baiolojia alitufundisha zote yeye, na sisi wa kidato cha kwanza tuliziita sayansi, basi. Maabara ilikuwa na meza bila vifaa, hivyo kila kitu tulitumwa kukitafuta wenyewe. Wiki ile akatuambia tulete panya wa shambani, tuwapasue tuone viungo vya ndani.

Tulitazamana. Unawaambia watoto wa bweni, wanaoshindia ugali na maharage yaliyobunguliwa, wakuletee panya wa shambani uwapasue halafu uwatupe! Kwetu panya huyo ni kitoweo. Mwalimu hakujua, na hakuna aliyemwambia.

Asubuhi ya siku ya somo panya walirundikwa kwenye ndoo nyuma ya maabara. Wengi wetu tuliwatega. Mtoto wa mwenye duka mmoja pale mjini alileta wanne peke yake, tukamsifu, na hakuna aliyemuuliza amewapataje.

Mchana mwenzangu wa dawati aliniita nyuma ya jiko la shule. Alikuwa Mnyasa, mtoto wa ziwani, wa Ngumbo, mcheshi, ila mkuu wa shule alishampa onyo la mwisho kwa kuchota karanga za stoo. Alikuwa na panya wawili aliokwisha kuwababua manyoya. Akaniambia kawanasa kwenye shamba la shule, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nilimkuta anamtoa matumbo yule wa kwanza, kwa kidole, upesi upesi, kama mtu aliyekulia kwenye samaki. Nikakasirika. Mimi ni Mmatengo wa Ukata, kule milimani, na nyumbani kwetu panya aliliwa pamoja na tumbo lake.

"We Mnyasa, mbona unatupa utamu?"

"Utamu gani? Uchafu huu."

"Wangu usimguse."

"Haya, Mmatengo. Kula na mavi yake."

Tukacheka, tukala.

Alasiri mwalimu alimlaza panya mmoja chali juu ya ubao, akambana miguu kwa misumari, akampasua kwa wembe. Alituonyesha moyo, ini, mapafu. Kisha akafungua tumbo, na zikamwagika chenga za mahindi za rangi ya buluu. Hakuna mahindi ya buluu Mbinga nzima. Mwalimu aliweka wembe chini.

"Huyu kaletwa na nani?"

"Mimi, Mwalimu," akajibu mtoto wa dukani, kwa fahari kabisa. "Baba kaweka dawa shambani."

Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Sasa biashara ilikuwa huria, na maduka yalijaa kila kitu, pamoja na vile vipakiti vyenye picha ya panya aliyekufa. Mwalimu aliagiza ndoo iletwe, akamtaka yule mtoto wa dukani awatoe panya wake waliobaki. Alimpata mmoja tu; wawili hawakuwemo.

Rangi ilimtoka mwalimu. "Aliyewachukua aseme sasa hivi. Sitamuuliza kwa nini. Ile ni sumu."

Lakini mkuu wa shule alikuwa akipita, akasimama mlangoni na fimbo yake. "Mimi nitamuuliza. Mwizi wa leo analala kwao."

Nilimgeukia mwenzangu. Midomo yake ilikuwa imekauka, na hapo nikajua wale panya walitoka wapi.

"Mimi nilitoa matumbo," akaninong'oneza. "Wewe hukutoa."

Alipotaka kusimama nilimshika shati kwa chini, nikamvuta akae. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliogopa kufukuzwa kuliko nilivyoogopa kufa. Baba alikuwa amewaambia watu wote kanisani kwamba nasoma. Nilivuta mpaka kifungo kikakatika. Yeye akasimama hivyo hivyo, shati wazi.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilitoa matumbo, labda mimi sina kitu. Huyu kala yote. Hakujua nilikowatoa."

Mwalimu alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha pikapu ya wanunuzi wa kahawa. Hospitalini walinipitisha mpira puani, wakaniosha tumbo mpaka nikaona nalo linatoka. Mwenzangu hakuumwa hata kichwa. Niliporudi shuleni, upande wake wa dawati ulikuwa mtupu, na sanduku lake halikuwepo bwenini.

Ilinichukua miaka mingi kuteremka Ngumbo. Nilimkuta amenenepa, ana mke na watoto, na alinipokea kama niliondoka jana. Mkewe akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema, kwa aibu, nafundisha sayansi.

"Lazima," akasema mwenzangu. "Aliisomea mpaka tumboni."

Alichukua samaki, mbasa mkubwa wa ziwani, akamparua magamba. Alipofika tumboni akasimamisha kisu, akaniangalia na ule ucheshi wake wa zamani.

"Nikuachie na matumbo, Mmatengo?"

Mkewe alicheka bila kujua kitu. Mimi nilijaribu kucheka, nikashindwa.

"Toa," nikamwambia. "Toa yote, ndugu yangu."

Akainama, akaendelea kumsafisha samaki.