Ngoma Niliyoifukuza Walikale

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapoona watu wanapakia vyombo vya muziki kwenye gari. Jana nimekuona ukifunga vile visanduku vyako vya sauti, vikubwa kuliko mbuzi, ukisema kesho unashuka Pinga kupiga kwenye arusi na kwamba watu wa huko watasikia muziki wa kweli. Neno hilo niliwahi kulisema mimi nikiwa na umri wako, tena kwa kifua mbele zaidi yako. Basi kaa kidogo. Gari hiyo haiondoki bila wewe.

Usinione hivi na meno yangu manne. Katika miaka ya hamsini, hapa Masisi, ukitaja tarumbeta umenitaja mimi. Nilijifunza kwenye fanfari, bendi ya matarumbeta ya misheni, asubuhi nikipuliza nyimbo za kanisa, na mchana nikikimbilia kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa na gramofoni ya kuzungusha kwa mkono. Tulisikiliza sahani za rumba kutoka Léopoldville mpaka sindano ikachoka, kisha tukaziiga. Tukawa orkestra ya watu watano: magitaa mawili, maraka za kutikisa, tarumbeta yangu, na ngoma kubwa ya ngozi ya ng'ombe iliyopigwa na Fideli, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Mashati meupe, tai nyeusi, nywele tumezipasua njia. Nilikuwa hodari kweli, na sioni sababu ya kujifanya sikuwa.

Wakati huo dada yangu Anastazia alichumbiwa na mwalimu mmoja wa Walikale. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokwenda kuuza maziwa, kwa hiyo arusi yake ilikuwa kama yangu. Tatizo lilikuwa mama mkwe. Mama Feza alikuwa mjane mwenye msimamo, na alishasema waziwazi kwamba watu wa ng'ombe wanawadharau watu wa msituni, na kwamba binti wa milima atakuja kuikunjia pua nyumba yake. Dada alilijua hilo na lilimnyima raha. Aliniomba jambo moja tu: nipige vizuri, nisimtie aibu. Nikaahidi bila kufikiri, maana kupiga vizuri kulikuwa kazi yangu.

Alinieleza pia desturi ya nyumba ile. Bibi arusi husimama nje ya uwanja mpaka ngoma ya nyumba imwite, na ikishamwita, mama mkwe hutoka, humshika mkono na kumwingiza. Ngoma hiyo alikuwa akiipiga Papa Kubuya, kaka mkubwa wa marehemu baba wa bwana arusi. Nilimsikiliza dada kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye tarumbeta.

Siku ya arusi tukashuka pamoja na dada kwa kamyoni, lori la mchuuzi wa maharagwe. Hapa juu upepo wa malisho hukausha ngozi vizuri, lakini ukishapita Kashebere msitu unakufunga na hewa yenyewe ina maji. Manyunyu yalitufuata njia nzima. Fideli aliomba tusimame Kashebere, awashe moto aikaushe ngoma yake. Nikamwambia tutachelewa, na kwamba ngoma ya orkestra haibembelezwi kama mtoto mchanga. Ningemsikiliza Fideli, leo nisingekuwa na hadithi.

Walikale tulifika kabla ya adhuhuri. Watu walikuwa wamejaa, na Papa Kubuya alikuwa mlangoni mwa uwanja na ngoma yake nyembamba ya ngozi ya swala, imesuguliwa na mikono ya baba zake mpaka inang'aa. Alitusalimu mmoja mmoja. Kisha akaigusa ngoma yetu kwa kidole.

"Mutoto, hii ngozi inalala," akasema. "Muipeleke kwanza ku moto."

Vijana waliokuwa karibu walicheka kidogo, na kicheko hicho kikanichoma. Nikamjibu mbele ya watu wote: "Papa, siye tuko orkestra. Hiyo ngoma ya pori uiweke mu nyumba, itatuharibia muziki. Dada yangu tutamuingiza siye."

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo nasikia haya usoni. Mzee aliichukua ngoma yake, akaingia ndani, akaketi.

Tukaanza. Mapigo kumi ya kwanza yalikuwa mazuri. Halafu ngoma ya Fideli ikaanza kushuka sauti, ikawa inatoa mlio wa gunia la mihogo linaloanguka. Magitaa yakapotea, kila moja likaenda njia yake. Mimi nikazidisha pumzi nikidhani nitaubeba wimbo peke yangu. Tarumbeta peke yake ni kelele, mwanangu, hata mikononi mwa fundi. Watu waliacha kucheza, wakasimama wakitutazama.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Dada alikuwa bado amesimama nje, gauni lake linalowa manyunyu, na Mama Feza alikuwa kizingitini mwa nyumba, mikono kifuani, hatoki. Shangazi mmoja wa pale alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba hawajasikia nyumba ikimwita mtu. Wengine wakaanza kunong'ona kuwa si ndiyo hayo aliyoyasema Mama Feza, hawa wa milima wamefika na dharau yao. Nikamwendea dada. Hakulia. Afadhali angelia.

"Wewe utapanda kamyoni kesho," akaniambia. "Miye njo nitabakia na hawa bantu ba huku. Umenifungia mulango hata sijaingia."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Niliahidi kupiga vizuri, nikasahau ninampigia nani.

Niliuvuka uwanja mzima na tarumbeta yangu mkononi, macho ya watu yote mgongoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikaingia, nikapiga magoti mbele ya Papa Kubuya, mlango ukiwa wazi ili waliosikia matusi wasikie na msamaha. Nikamwambia nimekosa, dada hana kosa lolote, na nikamwomba amwite.

Akaniuliza: "Kupuliza unajua. Na kunyamaza, unajua?"

Nikasema nitajifunza.

"Basi ukae karibu yangu. Nikikuangalia, hapo njo upulize."

Akatoka na ngoma yake. Alipoigonga mara ya kwanza, watoto waliacha kukimbia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, inayotembea, na baada ya muda niliona mabega ya Mama Feza yakilegea. Akashuka kizingitini, akavuka uwanja, akamshika dada mkono. Mimi bado nilikuwa kimya, midomo inaniwasha. Walipofika katikati, Papa Kubuya akanitazama. Nikapuliza taratibu, chini ya ngoma yake, magitaa yakafuata, na Fideli, ngoma yake kaiweka kando, akaazima maraka akazitikisa huku akicheka. Sijawahi kupiga hivyo kabla ya siku ile. Tulicheza mpaka jua likaelekea kutua, na tangu hapo orkestra yetu ilijulikana kwa pigo lile la msituni ndani ya rumba. Watu walidhani ni ubunifu wangu. Niliwasahihisha kila mara, ingawa miaka ya mwanzo niliwasahihisha kwa sauti ya chini.

Dada aliishi Walikale maisha yake yote. Mama Feza alipozeeka, dada ndiye aliyemlisha kwa kijiko, na mama yule alifia mikononi mwake akimwita "binti yangu".

Basi hiki ndicho ninachokupa. Ukifika Pinga, kabla hujafungua kisanduku hata kimoja, uliza nani hupiga ngoma pale. Mtafute, msalimu, kaa karibu naye, na usianze mpaka akutazame. Usidhani utapungukiwa. Wewe ni hodari, nimekusikia, na mtu hodari hapotezi kitu kwa kungoja zamu yake.

Mungu akupe pumzi ndefu kuliko yangu na masikio mapana kuliko pumzi yako. Akufungulie kila uwanja utakaosimama mlangoni pake. Haya, nenda, dereva anaita.