Aliyekwenda Mombasa

Kanda za kaseti za Nadhir zilifika posta ya Ibra, Oman, kila baada ya wiki sita hivi, zimefungwa kwa karatasi ya kahawia, zimeandikwa jina la ami yake kwa kuwa sanduku la posta lilikuwa lake. Ami huyo, Bwana Harub, alikuwa karani katika ofisi ya wali, mkuu wa wilaya. Akimaliza kazi hupitia posta, akampelekea shemegi yake kanda ile, kisha akakaa kuisikiliza bila ya kuambiwa karibu.

Bi Kaltham, mama yake Nadhir, alirudi Oman mwaka 1972 na watoto wawili. "Kurudi" ndilo neno walilolitumia wote, ingawa yeye alizaliwa Unguja na hakuwahi kuiona Ibra kabla ya siku aliyoshuka garini. Mwanawe alisoma, na mwaka 1979 serikali ikampeleka Marekani kusomea uhandisi wa maji. Fawziya, mdogo wake, akabaki na mama yake. Mume wa Bi Kaltham, Sleyum, hakuwamo nyumbani wala makaburini. Aliyemuuliza Bi Kaltham alipewa jibu moja, kwa sauti ile ile: "Kavukia Mombasa. Siku ya fujo la Unguja, sitini na nne, alikuwa safarini."

Hakuwahi kukaa eda. Alivaa rangi, alitia wanja, na kila Idi alitoa kanzu ya mumewe sandukuni, akaianika, akaikunja tena.

Mwisho wa mwaka 1980 ikaja posa ya Fawziya kutoka Samad ash Shan. Watu wazuri, kijana mwalimu. Kadhi akataka jambo moja tu: kujua aandike nini mbele ya jina la baba wa bibi harusi. Ikiwa yuko safarini, angojewe au atafutwe, yeye ndiye walii wa kumwozesha binti yake. Ikiwa alichukuliwa katika vita na hajulikani alipo, basi miaka minne inatosha; ataandikwa marehemu, na ami mtu atasimama mahali pake.

"Yuko safarini," alisema Bi Kaltham.

"Miaka kumi na saba Mombasa!" Harub akasema. "Ndugu yangu anatafuta nini huko, njia ya kutokea?"

"Harub, mimi ndiye mkewe."

"Na mimi nimenyonya naye ziwa moja. Watu wa Samad wanataka harusi kabla ya kuvunwa tende. Hawangoji, walla. Wana mabinti wengine wa kuposa."

Fawziya alikuwepo. Alizoa vikombe vya kahawa.

Kilichomtia nguvu Bi Kaltham kilikuwa katika kanda. Nadhir alipanga kwa mama mmoja wa mji mdogo wenye mashamba ya mahindi, Bi Norma. Mwanawe mkubwa, Roy, alipotea Vietnam mwaka 1969. Nadhir alisimulia kwa mshangao wa kijana aliyedhani vita hukaa vinakopiganwa. Watu huvaa bangili ya chuma yenye jina la askari aliyepotea, akasema. Wasichana wa skuli wanavaa jina la Roy, na hata sura yake hawaijui. Mwanasiasa anayetaka kura huja jikoni kwa Bi Norma, akapigwa picha amemshika mkono, akenda zake. Mtoto wake wa pili alikimbilia Kanada asipelekwe vitani; serikali imeshamsamehe, baba yake bado, na mzee huyo anakula peke yake chumba cha pili. Mjini, ukitaja vita vile, mmoja katika meza huinuka akaondoka.

Serikali yao nayo ilitaka kubadilisha karatasi: Roy asiandikwe "hajulikani alipo", aandikwe "amekufa". Bi Norma alikataa kutia saini. Alikwenda hadi mji mkuu akasimama barabarani na picha ya mwanawe.

"Umesikia?" Harub alisema. "Wamarekani wenye ndege na madarubini wanasema amekufa."

"Nimesikia. Na mama yake kakataa."

Mwisho wa kanda moja Bi Norma mwenyewe alizungumza. Bi Kaltham hakujua Kiingereza, lakini Nadhir alifasiri: "Anasema, mwambie mama yako, mimi na yeye tunangoja pamoja." Alipokuwa peke yake aliirudisha kanda akaisikiliza sauti ile kavu, kama ya mtu mwenye mafua, mpaka akaizoea.

Kanda ya Februari 1981 aliileta Harub mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Sauti ya Nadhir ilikuwa imepungua. Mateka wa Kimarekani, alisema, wamerudi kutoka Iran. Mwaka mzima vijana walikuwa wakimrushia mayai na kumwita Muirani. "Nawaambia natoka Oman, wananambia ni huko huko." Sasa mji mzima umefungwa riboni za manjano, miti na milango, na kengele za makanisa zililia mpaka ukataka kuziba masikio. "Kiko kituo cha petroli hapa, anayejaza alipigana Vietnam. Nilimuuliza, mbona huendi kutazama? Akanambia, mimi niliporudi nilipokewa na dereva wa teksi, na alitaka nauli yake."

Kanda ikakwaruza kidogo.

"Bi Norma hakutoka siku ile. Aliniita, akafungua mtoto wa meza, akatoa barua chini ya vitambaa, akanambia nisome. Ya askari mwenzake Roy. Aliiona helikopta ikianguka, ikaungua, hakutoka mtu. Nikamuuliza, umeipata lini? Akasema, mwaka sabini. Mama, anajua. Miaka kumi na moja, anajua."

Bi Kaltham akabonyeza, kanda ikasimama. Harub aliangalia mkeka. Fawziya alisimama mlangoni na dele la kahawa.

"Lori lilikuwa la kijani," Bi Kaltham akasema.

"Lori gani?"

"Siku mbili tatu kabla ya Ramadhani. Walikuja na bunduki dukani kwetu, Ng'ambo. Yuko miguu chini, hakupewa hata nafasi ya kuvaa viatu. Walimpandisha na wengine. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimempakata huyu." Hakumtazama Fawziya. "Akageuka akanambia, funga mlango. Nikafunga."

"Na Mombasa?" Harub aliuliza polepole.

"Mombasa nimeitia mimi. Nadhir alikuwa akilia, anamtaka baba yake. Nikamwambia kenda Mombasa. Baadaye ikawa siwezi kuirudisha."

Harub akafuta uso kwa ncha ya kilemba chake. Alikwishalipata neno alilolitaka, akaondoka bila ya kunywa kahawa.

Kadhi aliuliza swali moja, na Bi Kaltham akajibu kwa neno moja. Kadhi akaandika marehemu. Siku hiyo hiyo Bi Kaltham alivua bangili, akavaa nguo nyeupe, akaanza eda ya miezi minne na siku kumi kwa mtu aliyekufa miaka kumi na saba nyuma. Wanawake walikuja kumpa mkono wa taazia. Wengine hawakujua wamwambie nini, wakauliza habari za Nadhir.

Harusi ilikuwa Mei, kabla ya tende. Mwenye eda hatoki kwenye shangwe, kwa hivyo Fawziya alipambwa uani na wake wa ami zake, na mama yake akabaki chumba cha ndani. Binti aliingia mara moja kumbusu mkono, hina haijakauka vizuri; ikamwachia mama alama nyekundu kwenye nguo nyeupe.

Juu ya sanduku kulikuwa na kanda mpya. Nadhir alikwishajua yote, Harub alimwandikia. Lakini mwisho wa kanda ile Bi Norma alizungumza tena, maneno yale yale ya kungoja pamoja, na Nadhir akaongeza, "Mama, sijamwambia habari ya baba. Nimwambie nini?"

Bi Kaltham akatia kanda tupu, akabonyeza vifungo viwili vya kurekodia kwa pamoja kama alivyofundishwa.

"Nadhir, kanda hii mpigie Bi Norma aisikilize. Mwambie nimemsikia. Mwambie huku hakuna habari. Mimi na yeye tuko vile vile."

Akairudisha asikilize. Sauti yake ilikuwa imemezwa na vigelegele vya uani, na wanawake wakimwimbia Fawziya.

Akainuka, akafunga mlango, akaanza upya.