Masale Kwenye Uwanja wa Raga

Asubuhi ile nilitoka nyumbani Levolosi kwa sababu ya viatu. Nilikuwa nimepata buti za mtumba, soli nene, ngozi bado inanuka duka la mbali, na niliona ni dharau kuzivaa kwenda kununua sukari na kurudi. Nikafunga mlango, nikamwachia jirani ufunguo, nikaanza kutembea kuelekea upande ambao jua halikuwa likinipiga machoni.

Mimi ndivyo nilivyo. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, na ada ilikuwepo. Tatizo lilikuwa dirisha la darasa letu, ambalo lilitazama barabara ya lori za Nairobi. Kila lori lililopita nilitaka kujua limebeba nini. Toka hapo nimepaka rangi makanisa Babati, nimeosha magari ya watalii, nimechimba mitaro ya mabomba Moshono wakati nyumba zinaanza kuota kule kama uyoga, na bado sijamaliza kuuliza.

Nilipopita Ngaramtoni, pikapu yenye maboksi yenye matundu ilisimama, dereva akakaza kamba. Ndani ya maboksi kulikuwa na kelele.

"Vifaranga hao?" nikauliza.

"Hapana, ni kwaya," akasema dereva. "Unaenda wapi?"

"Wewe je?"

"Juu."

"Na mimi juu."

Akanitazama buti, akanionyesha nyuma kwa kidole. Tukapanda, tukaipita njia ya Olmotonyi, migomba huku, kahawa kule, Mlima Meru mwenyewe kajifunika wingu mpaka kiunoni. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa inateleza. Tuliishia kwenye tawi la chuo kikuu kimoja, chuo kichanga, majengo mapya na madarasa ya mbao ya zamani, ambako vifaranga vilikuwa vinapelekwa kwenye shamba la mafunzo. Nikasaidia kushusha maboksi. Kazi ilipokwisha, dereva akaenda kunywa chai, na mimi nikaenda kuangalia kelele nyingine iliyokuwa inatoka uwanjani.

Vijana walikuwa wameinama, wamekumbatiana mabega, vichwa chini, wanahema na kukanyaga matope. Walikuwa kama watu wanaosukuma gari lililokwama, isipokuwa gari halikuwepo.

"Jamani, mnasukuma nini?" nikauliza.

"Tunasukumana," sauti ikajibu kutoka chini ya makwapa.

Pembeni alisimama dada mmoja mwenye filimbi shingoni na soksi zisizofanana, ameshika mpira wenye umbo la yai la bata. Alinitazama kama dalali anavyotazama ng'ombe.

"Kaka, una kilo ngapi?"

"Sijapima toka kliniki ya mama."

"Hebu geuka."

Nikageuka.

"Unatosha. Ingia pale kushoto, kichwa kipite upande wa nje. Usiume mtu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia raga. Baada ya robo saa sikio langu moja lilikuwa la moto na nilikuwa nimeshajifunza sheria mbili: mpira haurushwi mbele, na ukidondoka nao usiukumbatie kama mtoto.

Tulipopumzika, yule dada alinieleza habari yake. Alizaliwa Musoma, akalelewa na shangazi Nairobi, na kule shuleni ndiko alikojifunza mchezo huu. Alipokuja chuoni kusoma kilimo hakukuta hata mtu mmoja aliyewahi kuushika mpira ule. Akaanza kuwaomba wenzake mmoja mmoja, bwenini, kantini, mpaka kwenye foleni ya maji. Timu kamili ni watu kumi na tano. Yeye alikuwa amepata tisa. Klabu moja ya vijana wa mjini ilikubali kuja kucheza nao kumi kwa kumi. Na mechi yenyewe ilikuwa siku hiyo, saa kumi.

"Na wa kumi?" nikauliza.

"Alikuwepo. Jana mama yake kaona picha za mazoezi kwenye simu, kamwita nyumbani."

Lakini hilo la wa kumi halikuwa ndilo kubwa. Mshauri wa wanafunzi alikuwa amemwambia hawezi kuitambua klabu ambayo haijawahi kucheza na mtu yeyote. Angekuja saa kumi kuona kwa macho yake. Akikuta mechi, klabu ipo. Asipoikuta, sehemu ya juu ya uwanja inajengwa mabanda ya kuku. Na yeye dada alikuwa anamaliza chuo muhula ule. Wale tisa aliwajua: akiondoka kabla klabu haijasimama, wangerudi kwenye mpira wa miguu kabla basi lake halijafika Makuyuni.

Hapo ndipo lilipokuja suala la mistari. Chokaa waliyochora jana yake ilikuwa imezolewa na mvua, na mfuko uliobaki ulilowa ukawa jiwe. Yule dada alizunguka uwanja mara moja, kisha akarudi na uso wa mtu aliyeshinda mtihani.

"Nyuma ya jiko kuna mimea ina majani marefu," akasema. "Ukichomeka kijiti kinaota. Inaonekana kwa mbali, na mtu akiiangukia haimchomi. Tunapanda mstari mzima! Muhula ujao hakuna wa kutafuta chokaa."

Wote tuliona ni akili nyingi. Kulikuwa na watu wa Tabora, wa Lindi, wa Musoma. Mimi nimekulia kwa watu wa Kondoa kwenye nyumba za kupanga, ambako mpaka wetu na jirani ulikuwa pazia. Hakuna kati yetu aliyejua chochote kuhusu mmea ule. Mwenyeji pekee wa ukanda huu kwenye timu, kijana wa Moshi, alikuwa ametumwa mjini kuwapokea wageni. Basi tukakata, tukabeba, tukachomeka, kwa kamba, kwa ustadi wa wanakilimo. Mstari ulishuka kutoka juu ya uwanja mpaka chini kabisa kwenye majani mazuri. Ulipendeza kweli.

Walikuja kina mama watatu. Wawili walikuwa na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Wa tatu, mjane wa makamo ya bibi yangu, hakubeba kitu ila sauti.

"Nani amekufa hapa," akauliza, "mpaka mnagawana shamba?"

Akaonyesha mstari wetu kwa kidole.

"Mume wangu aliwaazima chuo majani ya hapa chini, mcheze. Majani! Udongo hakuwaazima. Leo yuko kaburini, mnanipandia masale?"

Yule dada alimkimbilia, samahani mama, samahani sana, tunang'oa sasa hivi. Vijana wawili wakashika vijiti.

"Acha!" Mjane alipiga kelele mpaka wale wawili wakaachia kama wameshika nyaya za umeme. "Mtu anayeng'oa isale ajue anachokitafuta!"

Sasa hapo tulikwama. Kuyaacha, hapana. Kuyatoa, hapana. Mjane akageuza kreti la soda, akakaa juu yake katikati ya uwanja, na wenzake wakashusha mizigo yao wakakaa pia. Saa nane ilikuwa imeshapita.

Gari la wageni likaingia. Kijana wa Moshi alishuka wa kwanza, akaona, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mmepanda masale? Jamani! Kwetu mtu akipanda hili, ukoo mzima unakaa kikao!"

Akatueleza haraka haraka huku wageni wakinyoosha misuli. Isale, mmea huu mliouchomeka, ndilo mpaka. Wachaga, Wameru, Waarusha, wote hapa mlimani wanaliheshimu. Ukilichomeka umesema mbele ya Mungu na majirani kwamba ardhi yako inaishia hapa. Na ukishachomeka, haling'oki kwa siri wala kwa haraka. Linatolewa na aliyelipanda, mbele ya mwenye shamba na mashahidi.

"Na hao mashahidi wako wapi?" dada akauliza.

"Wamekaa pale na majani yao. Lakini kwanza umwombe msamaha."

"Nimeomba mpaka mdomo umekauka!"

"Siyo kwa mdomo. Kwa isale lenyewe. Unafunga fundo kwenye jani, linapelekwa na mtu ambaye si wa upande wako wala wa upande wake."

Wachezaji walikuwa wa chuo. Wageni walikuwa wageni wa chuo. Kina mama walikuwa wa kijiji. Nikaona macho yote yananijia.

"Mimi nimekuja na vifaranga," nikasema.

"Ndiyo maana," akasema kijana wa Moshi, akanipa jani lenye fundo. "Na usiongee sana."

Nikaenda. Buti zililia matopeni kila hatua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto wa wapi wewe?"

"Levolosi."

"Una shamba huko?"

"Sina hata ua."

"Unasoma hapa?"

"Hapana, bibi."

"Sasa umeletwa na nini?"

 "Na vifaranga."

Mama mmoja wa majani akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Mjane alikaza uso, lakini shavu lilimsaliti. Akalitazama lile jani mkononi mwangu bila kulipokea.

"Isale halikataliwi," akasema. "Lakini kusubiri linasubiri. Mwenyewe yuko wapi?"

Dada akaja, akapiga goti kwenye matope.

"Takwenya, yeyo," akamwamkia.

"Iko," mjane akaitikia, akawageukia wenzake. "Mmesikia Kimaasai cha ziwani hicho?" Kisha akamgeukia tena. "Ulikuwa unataka nini na shamba langu?"

"Sikutaka shamba, mama. Nilitaka mstari usiofutika. Mimi naondoka, na nikiondoka na mistari ikafutika, hawa hawatachora mingine."

 Mjane alitazama wale vijana, wakubwa, wana matope, wamesimama kama kondoo mvuani. Alitazama goli, ambalo lilikuwa nguzo mbili za mkaratusi na kamba ya katani.

"Mstari usiofutika hauwekwi na mtu mmoja," akasema. "Nyanyuka, utapata baridi ya magoti."

Akalichukua jani, akalisokomeza kwenye pindo la kanga. Halafu akainuka na kuanza amri. Kila kijiti kitolewe na mkono uliokichomeka. Mashahidi watazame. Na kwa kuwa mlitaka mpaka, akasema, nitawaonyesha mpaka wenyewe: pale kwenye jiwe jeusi, kwenda moja kwa moja mpaka ule mparachichi. Hapo pandeni, na mimi nimekubali, na hawa wamesikia.

Tukapanda. Shida ni kwamba jiwe na mparachichi havikuwa na habari na raga. Mstari mpya ulikata uwanja kwa mshazari. Juu mpana kama kawaida, chini umebana kama pembe ya sambusa. Kapteni wa wageni alikuja kuutazama, akajikuna kidevu.

"Sisi tutacheza," akasema. "Mradi pembe ile mtupe kipindi kimoja na sisi tuwape kimoja."

Saa kumi mshauri wa wanafunzi alifika na mwavuli. Filimbi ililia hapo hapo. Refa alikuwa dada mwenyewe, kwa kuwa ndiye peke yake aliyezijua sheria zote, na wageni walisema anawapendelea wao kwa kuogopa kuonekana anapendelea wake.

Tulipigwa. Sitaki kudanganya. Walitupita kama maji yanavyopita kwenye chekecheke. Lakini kila mpira ulipovuka masale, kina mama watatu walisimama kwa pamoja: "Umetoka! Amekanyaga kwangu huyo! Mrudishe!" Hakuna mshika kibendera aliyewahi kuwa na uhakika kiasi kile. Kipindi cha pili kijana wa Moshi alichomoka na yai lile, akaipenya ile pembe ya sambusa ambayo wageni walikuwa wanagongana ndani yake, akajitupa nyuma ya goli lao. Trai yetu moja, ndiyo bao la raga. Mizigo ya majani ilikanyagwa kwa vigelegele.

Mwisho mshauri alifunga mwavuli, akamfuata dada.

"Uwanja mbona umepinda?"

"Ndivyo mpaka ulivyo, mwalimu."

"Na yule mwenye buti ni mwanafunzi?"

"Ni mwanachama."

"Wa mwaka wa ngapi?"

"Wa leo."

Mshauri akanitazama buti. "Nimeona mchezo," akasema. "Sijauelewa, lakini nimeuona. Klabu ipo. Kuku tutawatafutia pengine."

Dada alishukuru kwa adabu, akatembea polepole mpaka kwenye bomba, akanawa uso kwa muda mrefu sana kuliko matope yalivyokuwa. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu.

"Jumamosi ijayo wametualika kwao. Tuko tisa."

"Dada, mimi ya kesho yenyewe siijui."

"Ndiyo nakuuliza leo."

Nilitaka kucheka, lakini mbavu zilikataa. Nikasema nitabaki. Tatizo lilikuwa pa kulala: bwenini haruhusiwi asiye mwanafunzi, na dereva wa vifaranga alikuwa ameondoka zamani. Mjane, ambaye alikuwa anafunga majani aliyogawiwa na wenzake huku masikio yote yako kwetu, alisema bila kugeuka:

"Kile kifupi cha Levolosi kibebe mzigo huu wa majani. Kwangu kuna chumba."

Nikabeba. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mparachichi, bati jipya, kuta za mbao. Alinipa uji, akanionyesha bomba, kisha chumba: kitanda cha kamba, magunia ya mahindi, blanketi la rangi mbili. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mabanzi tu, na nyuma yake kitu kilikuwa kinapumua.

"Huyo ni ndama," akasema akiwa ameshika mlango. "Usiku ataguna. Usimjibu, ukimjibu halali."