Kila Ajaye Hupimwa Upya

Kwa miaka thelathini na mmoja Dada Futi alikata nguo kwenye meza ileile, kando ya dirisha la karakana ya ushonaji, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukata koti la mtu kabla ya kumpima. Hata aliyepimwa juzi alipimwa tena leo. Wenye haraka waliponung'unika, yeye alivuta futi yake, ule utepe wa kupimia, kutoka shingoni na kusema, "Inua mikono, mpendwa. Mwili hauna mkataba na mtu." Ndipo wakampachika jina la Futi, na lile la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Meza ya pili ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Mwaka uliopita mdogo huyo alikubali kutiwa punje. Ndivyo mafundi walivyokiita kile kifaa kidogo kinachopandikizwa ndani ya fuvu ili kuongeza kumbukumbu na kuharakisha kujifunza. Haki yake apewe: alijifunza mishono kumi na minne ya kola kwa alasiri moja, na vipimo vya kila mteja vilitulia kichwani mwake visitoke. Bosi alifurahi mno, akatangaza kwamba kila mkataji atiwe punje. Asiyetaka angeachia meza yake Jumamosi adhuhuri.

Jumatatu, fomu ya ridhaa, karatasi ngumu kama kadi ya harusi, iliwekwa mbele ya Dada Futi.

"Tia sahihi tu, Dada," mdogo wake alimwambia wakati wa chai. "Haiumi."

"Kama haiumi, mbona macho yako mekundu?"

Mdogo wake alizungusha kikombe bila kunywa. "Kikohozi cha mama," alisema hatimaye. "Kile cha wiki yake ya mwisho. Wewe unakikumbuka kwa mbali. Mimi nakisikia kama vile yuko chumba cha pili, na hakipungui. Halafu wifi yako. Lile neno alilonitupia tulipogombana, alishaliomba radhi, nami nilishamsamehe. Lakini kila nikimtazama, nalisikia upya, kwa sauti ileile."

"Waambie waitoe hiyo punje."

"Niliwauliza wataalamu. Kuitia ni saa moja. Kuitoa, wanasema, ni kubahatisha."

Dada Futi aliisogeza fomu pembeni ya meza. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mdogo wake walimziba kila tundu, kisha wakampongeza kwa uzito wa mzigo.

Alhamisi alikuja mwalimu mkuu, mteja wao wa siku nyingi, kuchukua koti la sherehe yake ya kustaafu. Alikuwa amelazwa hospitali miezi miwili. Siku alipokuja kuagiza, mdogo wake Dada Futi alimtazama ana kwa ana, akamwona yule wa mwaka jana, akakata bila kumpima. Sasa mabega ya koti yalimwangukia mwalimu karibu na viwiko.

"Leo nguo imenivaa mimi," mwalimu alisema, akijaribu kucheka.

"Lakini vipimo ni sahihi!" mdogo wake Dada Futi alijitetea. "Kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita..."

"Vya nani, mwanangu?" mwalimu aliuliza.

Pasi ilisikika ikitoa mvuke.

"Hitilafu ndogo," Bosi alidakia. "Wataalamu watarekebisha."

Dada Futi alikuwa amekwisha kuvuta utepe wake. Alimpima mwalimu polepole, akimwuliza habari za kila mahali alipogusa: hapa panauma bado? Mkono huu unainuka? Kisha akafumua koti lote na kulikata upya. Kola nayo ilihitaji kiolezo kipya. Akatafuta karatasi ngumu, na iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu.

Jumamosi adhuhuri mwalimu alisimama mbele ya kioo, koti limemkaa kama lililozaliwa naye. Bosi akaingia.

"Fomu yako iko wapi?"

"Ile pale." Dada Futi alionyesha kiolezo cha kola kilichoning'inia kwenye msumari.

"Unanifanyia mzaha?"

"Bosi, mimi sijawahi kufanya mzaha na kola." Hakupepesa macho. "Kichwa hiki kina matundu, na matundu yake nayahitaji. Nikisahau kiuno cha mtu, namwuliza. Nikimwuliza, namwona. Sitii sahihi leo, wala mwakani."

"Basi achia meza."

"Nimeachia." Akafunga mkasi wake ndani ya kitambaa.

"Fundi, nitakupata wapi?" mwalimu aliuliza.

"Sebuleni kwangu. Njoo nikupime."

"Si umenipima juzi!"

"Ndiyo. Juzi."

Mlangoni mdogo wake alimzuia. "Dada, niachie futi." Dada Futi aliivua shingoni, akamvisha yeye, akatoka akiwa ameinua kichwa chake, kizima na chenye kuvuja.

Nyuma yake mteja mwingine alikuwa anaingia. Dada Futi alisikia sauti ya Bosi: "Unampima wa nini? Vipimo vyake si unavyo?"

"Ninavyo vya mwaka jana, Bosi," mdogo wake alijibu. "Inua mikono, mpendwa."